Njoo Umchukue Mumeo na Chungu Chake

Nyumbani, 6 Februari

Wifi yangu mpendwa,

Natumai mgongo wako umekupa nafuu na makochi ya watu hayakulazi tena sakafuni. Sisi huku hatujambo. Binti yetu amefaulu mitihani ya chuo, ila jioni ile ile akatuambia anataka kubadilisha masomo, kwa hiyo furaha yetu haikulala nyumbani. Bomba la bafuni limepona. Mimi niko pale pale mapokezi kwa daktari wa meno, nawabembeleza watu wazima wasitoroke.

Wifi, mdogo wako anataka kuja kukuona. Unajua ameacha kazi tangu Desemba. Kiwanda kinapunguza watu, ndivyo alivyoniambia, na waliotumikia miaka mingi ndio waliotangulia kutolewa. Kwa mtu ambaye kazi yake ilikuwa kunusa kila mchanganyiko wa sabuni kabla haujamiminwa kwenye kalibu, mtu ambaye hata wakubwa wake walikuwa wanamwita Pua, si jambo dogo kukaa nyumbani anatazama ukuta. Nimeona abadilishe hewa kidogo.

Atakuja na chungu chake cha umeme. Ni zawadi ya kuagwa kutoka kwa wenzake, kile cha kupika polepole, unakiwasha asubuhi na chakula kinaiva jioni. Siku hizi anapika. Anapika kuku wa madonge ya unga, na ni chakula kizuri sana, utakipenda.

Hatakaa sana. Wiki mbili hivi.

Nakuombea mapumziko na wateja wanaolipa,
Wifi yako


Karakanani kwangu, 27 Februari

Wifi,

Za huko? Mgongo unaendelea, asante kwa kuuliza. Mwambie binti abadilishe masomo lakini asibadilishe chuo. Mimi nina kazi nyingi: makochi ya hoteli, viti vya ukumbi wa harusi, na bibi mmoja anayetaka kiti cha marehemu mumewe kivalishwe kitambaa kipya lakini kisibadilike sura.

Mdogo wangu amefika salama, kakibeba chungu mapajani safari nzima kama mtoto mchanga. Kuku wa siku ya kwanza nilimfurahia, sikufichi. Nimerudi nimechoka, nakuta chakula kimeiva, nyama inaachia mfupa yenyewe, nani angelalamika? Siku ya pili nikasema mashallah. Siku ya tatu nikamwuliza kama hajui kupika kitu kingine. Akasema anajua. Siku ya nne akapika kuku wa madonge.

Wifi, nyumba yangu unaijua. Sebule ndiyo karakana. Nikiwasha cherehani na chungu kwa pamoja, umeme unakatika jengo zima na mama wa ghorofa ya juu anashuka na maneno yake. Nimemwomba mdogo wangu azime chungu nimalize mshono mmoja tu. Akanishika mkono, akasema nisimzimie, leo ndiyo leo. Leo ndiyo nini, hakusema. Nikashona kwa mkono, mimi na umri huu.

Na hakiachi hicho chungu. Anafunua, anainama mpaka uso unaingia ndani, anafunika. Anakwenda dirishani, anarudi, anafunua tena. Halafu akinipakulia anasimama mbele yangu, hakai, ananiuliza: "Imekolea?" Nikisema imekolea, anauliza imekolea nini.

Wiki mbili zinaisha keshokutwa. Nimkatie tiketi ya siku gani?

Ni mimi dada yenu


Nyumbani, 20 Machi

Wifi mpendwa,

Nisamehe kwa kuchelewa. Kliniki imejaa, tunapaka rangi jikoni, na fundi rangi ni wa wale wanaokuja kuonyesha sura na kuondoka. Binti hajambo, anakusalimu. Mgongo usiuache hivi hivi, mwone daktari.

Kuhusu tiketi, jikoni hakufai kwa sasa, tusiharakishe. Mwache apumue.

Ila nikusaidie kuhusu chungu, maana chakula chake nakijua kama jina langu. Kosa lake ni hilo la kufunua. Kuku na kitunguu na karoti na pilipili manga vinawekwa asubuhi kwa moto mdogo, na hakuna mtu wa kuvigusa mpaka nyama ilegee. Hapo unatoa mifupa. Ndipo unapochanganya unga, baking pauda, chumvi, siagi na maziwa, unadondosha kwa kijiko juu ya mchuzi, unapandisha moto na unafunika. Yale madonge yanaivishwa na mvuke. Ukifunua, mvuke unakimbia, na unayakuta nje raba, ndani unga mbichi. Nimemwambia hivyo kwa upole, nimemwambia kwa ukali, nimemwandikia nikabandika ukutani. Mdogo wako hasikii.

Januari nzima nilikula hayo madonge mabichi nikisema ni matamu. Siku moja aliyachanganya kwa maziwa yaliyochacha, yalikuwa yananuka tangu mlangoni, naye akaniletea sahani kwa tabasamu. Nikameza kimya. Nilidhani ananijaribu. Nilidhani anataka nigombe, apate cha kunilaumu.

Basi tusitie chumvi mambo madogo. Vumilia kidogo, wifi yangu, wewe una moyo.

Wako


Karakanani, 2 Aprili

Wifi,

Salamu zote za kawaida uzihesabu nimekupa. Wazima sisi, nawe uwe mzima.

Simu zangu hupokei. Ukipokea uko na mgonjwa. Tangu lini karani wa mapokezi anang'oa meno? Na mimi kupiga kwenyewe ni shida, kwa sababu mumeo yupo muda wote, kuta zangu ni za mbao nyembamba, siwezi kukueleza kitu bila yeye kukohoa upande wa pili. Ndiyo maana nakaa nyuma ya marobota ya sponji kama mwizi nikikuandikia.

Mwenye viti vya ukumbi alikuja kuangalia kazi yake. Mumeo akamkaribisha mezani, akampakulia. Yule bwana akaonja, akaweka kijiko chini, akaomba maji. Kulikuwa na chumvi ya kuhifadhia samaki. Mdogo wangu alikuwa ametia, akasahau, akatia tena, akaonja katikati, na wifi, alionja mbele yangu, akatikisa kichwa akasema bado kidogo. Mchuzi ukamwagika kwenye kiti kimoja. Kitambaa cheupe. Nimekivua chote na kukivalisha upya.

Nikimwuliza lini anarudi nyumbani, anasema mpaka umwite. Nikimwuliza kwa nini hujamwita, anafunua chungu.

Sasa niambie ukweli, kwa sababu nimechoka kuzungushwa na watu wawili niliowashuhudia harusi yao. Ulimtuma kunitembelea, au ulimfukuza?

Ukinijibu mambo ya rangi ya jikoni tena, namleta mwenyewe na chungu chake mpaka mapokezi.

Dada


Nyumbani, 18 Aprili

Dada,

Shikamoo. Hatujambo, na sina habari nyingine ya familia zaidi ya hii.

Nilimfukuza.

Mwanzoni mwa Februari alikuja kliniki mzee mmoja wa pale kiwandani, yule wa bohari, jino linamsumbua. Nikampa pole ya jino na pole ya wenzake kupunguzwa. Akanishangaa. Akasema hakuna aliyepunguzwa, wameajiri hata vibarua wapya, na mume wangu aliandika barua ya kuacha kazi kwa mkono wake. Wakubwa walimbembeleza akakataa. Nikasimama pale na kadi za wagonjwa mkononi, nikacheka, nikasema ndiyo, ndiyo, nimechanganya.

Nilipofika nyumbani nilimkuta ameinama kwenye chungu. Nikamwuliza kwa nini aliacha kazi. Akasema alichoka. Nikamwuliza alichoka nini, kwa sababu mimi ndiye ninayesimama kutwa na miguu imevimba. Akafunua kifuniko. Nikamwuliza kama kuna mwanamke. Akasema hapana. Nikamwuliza kama aliiba. Akasema hapana. Nikamwambia basi nipe sababu, hata ya uongo, ilimradi iwe na kichwa na miguu. Akachota mchuzi akanisogezea kijiko mdomoni, akaniuliza:

"Imekolea?"

Dada, nilikipiga kile kijiko kikaruka mpaka ukutani. Ndiyo maana jikoni kunapakwa rangi. Nikamwambia kama amechoka akachokee kwa dada yake. Asubuhi yake nikakuandikia ile barua ya adabu.

Sasa unajua. Sijui mimi nifanye nini na mwanaume asiyenidanganya vizuri wala kuniambia kweli. Wewe umemlea tangu mama yenu alipoondoka, kama una ufunguo wake, mfungue. Mimi nimeshindwa.

Wako


Karakanani, 3 Mei

Wifi,

Kaa chini kabla hujasoma. Sisi wazima, hakuna aliyekufa, ingawa tulikuwa karibu.

Jumatano nilipeleka viti ukumbini. Niliporudi, tangu chini ya ngazi nikasikia harufu ya gundi, ile ya kubandikia sponji, inachoma mpaka kwenye ubongo. Mama wa juu alikuwa amesimama na kitambaa puani, anauliza kama nimeamua kuua jengo zima. Watu walikuwa wanapita barabarani wanakohoa. Nikafungua mlango. Kopo langu kubwa lilikuwa limeanguka kutoka rafuni nyuma ya makochi, gundi imetambaa sakafu yote mpaka chini ya meza. Madirisha yamefungwa. Na mumeo amekaa hapo hapo kwenye meza, anamenya karoti. Macho mekundu, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni, naye anayafuta kwa kiwiko. Alidhani ni vitunguu alivyokwisha kukata.

Nilimvuta nje kwa kola ya shati. Nikamkalisha kwenye ngazi, nikampa maji, akatapika, akapata nafuu. Nikamwuliza alikuwa anangoja nini mle ndani, hakusikia ile harufu? Akaniuliza harufu gani.

Wifi, uliniandikia kwamba hasikii. Kweli hasikii. Pua ya mumeo imekufa. Harufu hasikii, na ladha imeondoka nayo, imebaki kujua hiki cha moto, hiki cha baridi.

Nikamwuliza tangu lini. Akasema tangu yale mafua ya mwaka jana, yale uliyomwuguza. Homa ilipoondoka alidhani pua imeziba tu. Akarudi kazini akanusa sabuni, hakuna kitu. Akanyamaza. Miezi ile yote alikuwa akiinamia mchanganyiko, anavuta pumzi, anatazama nyuso za waliosimama karibu, wakitabasamu anasema sawa. Halafu akapitisha sabuni ya watoto iliyokuwa imeharibika mafuta. Ikarudishwa kutoka madukani, inanuka vibaya. Lawama zikaenda kwa waliouza mafuta. Hakuna aliyemfikiria Pua. Akaona kabla hajapitisha nyingine, aondoke mwenyewe.

Nikamwuliza na huyu kuku je, ana kosa gani? Akaniambia daktari alimweleza kwamba harufu huenda ikarudi yenyewe, kidogo kidogo, asiache kunusa vitu anavyovijua. Akafikiria, akaona chakula kinachoiva kwa saa moja kinaweza kumpita. Kile chungu kinatoa harufu kutwa. Ikirudi asubuhi ataikuta, ikirudi alasiri ataikuta. Ndiyo maana anapika kitu kimoja, asije akabadilisha asiitambue. Ndiyo maana anafunua. Nami nilikuwa nataka kumzimia nishone kochi.

Nikamwuliza kama wewe unajua.

"Angejua angenihurumia," akasema.

"Na sasa je?"

"Sasa ananikasirikia. Hiyo naiweza."

Ameniapisha nisikuambie. Nimeapa. Ndiyo haya nakuandikia, Mungu atanisamehe, na asiponisamehe nitamweleza kuhusu ile gundi.

Dada


Nyumbani, 9 Mei

Dada,

Nimepata barua. Pole kwa gundi.

Nani alimkanda kifua kwa yale mafua? Nani alilala kwenye kiti akimsikiliza anavyopumua? Mimi. Halafu pua imekufa kwenye mto wangu, na habari inakwenda kutolewa kwenye ngazi zako. Amekaa mezani kwangu tangu mwaka jana anatafuna chakula changu kama karatasi na kusema asante ni kitamu. Kumbe wote wawili tulikuwa tunaambiana ni kitamu.

Anaogopa huruma yangu. Mimi, ambaye sijawahi kumwonea huruma hata siku aliyoanguka na baiskeli mbele ya wakwe.

Asirudi. Akae na huyo anayeweza kumwambia kweli.

Wako


Kituo cha mabasi, 14 Mei

Wifi,

Sina nafasi ya salamu, basi linaunguruma.

Wewe unasema asirudi, yeye anasema harudi mpaka aitwe, na mimi nina makochi sita ya hoteli. Nimempandisha. Barua hii anaibeba mwenyewe, nimeifunga kwa gundi, asipoisoma ni kwa kukosa uwezo wa kuifungua. Anajua kwamba unajua. Nilimwambia hapa hapa kituoni, akanitazama kama siku ile nilipomchoma sindano ya kushonea kwa bahati mbaya, yeye mtoto, akaniuliza kama nilifanya makusudi.

Safari hii nilifanya makusudi.

Usimhurumie, basi. Mgombeze. Lakini mgombeze akiwa ndani ya nyumba yako.

Dada yenu, aliyechoka


Nyumbani, 2 Juni

Dada mpendwa,

Shikamoo, na samahani kwa barua yangu ya mwisho. Mgongo wako je? Hoteli imekulipa? Binti yetu ameamua kubaki na masomo yale yale, baada ya kutuweka roho juu miezi yote hii.

Mwanao wa kulea alifika. Hakwenda nyumbani, alikuja moja kwa moja kliniki na chungu chake kifuani, akasimama mbele ya meza yangu. Chumba kizima cha watu waliovimba mashavu kikageuka kumtazama. Pale kwetu kunanuka dawa ya meno na karafuu, mtu akitoka anakwenda nayo mpaka nguoni. Nikampa namba ya kungoja kama wengine. Akaipokea. Akakaa kati ya mama mmoja na mtoto anayelia, akangoja mpaka nilipoita namba yake.

Nikamwuliza shida yake ni nini. Dada, niliuliza kama ninavyowauliza wote, kalamu mkononi. Akasema kwa sauti ya kawaida, watu wote wanasikia:

"Sisikii harufu. Nimekaa hapa saa nzima na sisikii kitu."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kulia, lakini daktari alikuwa anaita kadi inayofuata. Nikamwambia akae aningoje nitoke kazini, akaningoja.

Tumekwenda kwa daktari wa pua, mimi na yeye, safari hii nikaingia naye ndani. Amesema mambo yale yale, huenda ikarudi, huenda isirudi, asiahidiwe kitu. Njiani tuligombana kuhusu kiwanda. Nilimwambia wale waliouza mafuta walibeba lawama yake. Jumatatu alivaa shati la kazini, akaenda kwa mkubwa wake, akamweleza yote. Hawakumrudisha kazini, na wala hakuomba. Aliporudi alikula mkate mkavu amesimama, akalala mchana mzima kama mtu aliyetua mzigo.

Na bado anapika. Usinicheke. Kuku wa madonge, jikoni kwangu kwenye rangi mpya. Siku ya kwanza alinipakulia akasimama, nikajua swali linakuja. Likaja. Nikamwambia haikukolea. Nikamwambia chumvi hakuna, kitunguu kimeungua chini, na madonge ni mabichi kwa sababu hana adabu na kifuniko. Nilisema yale niliyokuwa nimeyameza tangu Januari, yote, mpaka yale maziwa. Nikadhani atanuna. Akavuta kiti akakaa. Hakuwahi kukaa. Akaniuliza kitunguu kilichoungua kiko vipi, kichungu au kitamu, kinakuja mwanzoni au mwishoni. Nikamwambia mimi si mtaalamu, mimi ni karani. Akasema nijaribu.

Tangu hapo sina raha. Kila jioni nahojiwa. Nimerudi nimechoka, miguu inawaka, hata mkoba sijauweka chini, naulizwa leo mlangoni kunanukaje. Mwanzo nilikuwa nasema kuku. Hatosheki na kuku. Inabidi nisimame pale kizingitini nivute pumzi kama yeye alivyokuwa akifanya kiwandani, nitafute maneno, pilipili manga imetangulia, siagi imekaa nyuma, unga bado. Akisikia unga bado, anakwenda kurudisha moto. Madonge yameanza kuiva, nisimnyime haki yake. Kifuniko sasa nakifunua mimi.

Jana nilichelewa, mvua, viatu vimelowa, mtoto mmoja niliyemshika kwa daktari aliniuma kidole. Nikafungua mlango, naye akauliza kutoka jikoni kama kawaida, kunanukaje. Sikuwa na nguvu ya siagi wala pilipili. Nikamwambia kunanuka kwamba upo nyumbani.

Akatokeza mlangoni na kijiko mkononi. Halafu akauliza hiyo ni harufu ya namna gani.

Nikamwambia apakue, mimi nina njaa.

Tunakusalimu sote wawili, nawe ukimaliza hayo makochi uje ule,
Wifi yako